MAZUNGUMZO: TAARIFA YA THAMANI YA VIPURI NA SAINI YA MKUU WA KARAKANA



Mazungumzo haya yanahusu karatasi moja ambayo karakana nyingi hivi sasa huitoa katika kompyuta kila mwisho wa mwezi na kila mwisho wa mwaka wa fedha, nayo ni taarifa ya thamani ya vipuri vilivyomo bohari. Karatasi hiyo huonesha jina na namba ya kila kipuri, idadi iliyobaki, bei ya kimoja, na jumla ya fedha zake. Kisha chini kabisa huja jumla kuu. Imekuwa kawaida kwa wakuu wa karakana kuitazama ile jumla kuu peke yake, kutia saini, na kuipeleka kwa mhasibu. Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini saini hiyo isitiwe kwa haraka.

Mfano unaochukuliwa ni wa Mkoa wa Mara, katika ukanda wa Ziwa Victoria. Mkoa huo umechaguliwa kwa sababu huko matengenezo ya Serikali yanahusu nchi kavu na maji kwa pamoja, jambo ambalo wakaazi wa visiwani hawahitaji kuelezwa. Mji wa Musoma, makao makuu ya mkoa, umekaa kando ya ziwa. Ng'ambo ya Ghuba ya Mara iko Kinesi, katika Wilaya ya Rorya, na baina ya sehemu mbili hizo watu huvuka kwa kivuko. Kivuko kikisimama, mtu wa Kinesi mwenye mgonjwa wa kupeleka Musoma hana budi kuzunguka kwa barabara hadi Daraja la Kirumi, kwenye Mto Mara, ndipo ageuke kuelekea mjini. Bunda iko upande wa kusini, katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari mpakani. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ilifanywa wilaya mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Musoma Vijijini. Wilaya mpya huleta ofisi mpya, ofisi mpya huleta gari mpya, na gari haikawii kuhitaji kipuri.

Kabla ya mwaka 2005 matengenezo ya gari na mitambo ya Serikali huko Tanzania Bara yalikuwa chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi moja kwa moja. Mwaka huo ulianzishwa Wakala wa Ufundi na Umeme, maarufu kwa jina la TEMESA, kwa mujibu wa Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, ukakabidhiwa karakana za mikoani pamoja na uendeshaji wa vivuko. Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa katika hesabu. Karakana iliyokuwa ikipewa fungu na kulitumia ilitakiwa sasa kutoza kwa kazi inayofanya, na hivyo kujua kila kipuri kimeigharimu kiasi gani. Leja ya mkono iliweza kueleza zimebaki beringi ngapi. Kueleza zina thamani gani, kwa bei zinazobadilika kila mzigo unapoingia, kulimchosha hata karani hodari. Hapo ndipo programu za kompyuta za kuendeshea karakana zilipopata nafasi.

Karakana itakayotajwa kuanzia hapa ni ya mfano tu. Ina bohari kuu Musoma na vyumba viwili vya vipuri, kimoja Bunda na kimoja Butiama. Hesabu zake zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, wala hazikutolewa katika vitabu vya karakana yoyote iliyopo.

Jambo la mwanzo ni bei. Tarehe 1 Julai karakana ilikuwa na seti 10 za pedi za breki zilizonunuliwa kwa shilingi 60,000 kila moja. Mwezi wa Septemba zikaingia seti nyengine 10, safari hii kwa shilingi 75,000. Hadi kufika Novemba mafundi walikuwa wamekwisha kutumia seti 12, zikabaki 8. Je, hizo 8 zina thamani gani? Ikifuatwa kanuni ya kilichoingia mwanzo kitoke mwanzo, zilizobaki zote ni za mzigo wa Septemba, na thamani yake ni shilingi 600,000. Ikifuatwa kanuni ya wastani, fedha zote 1,350,000 hugawanywa kwa seti 20, kila seti ikawa 67,500, na zilizobaki zikawa na thamani ya shilingi 540,000. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea. Tofauti ya shilingi 60,000 imetokana na kanuni tu, na upungufu unaoonekana boharini katika kanuni ya pili umehamia katika gharama za kazi zilizofanywa.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, katika kiwango namba 12 kinachohusu bidhaa za bohari, vinaruhusu kanuni zote mbili hizo. Kisichoruhusiwa ni kutumia hii mwaka huu na ile mwakani kwa kutazama ipi inapendeza. Programu nyingi humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua kanuni kwa kubonyeza mahali pamoja, na wepesi huo ndio khatari yenyewe. Inatakiwa kanuni iliyochaguliwa iandikwe katika waraka wa karakana, itajwe juu ya kila taarifa, na uwezo wa kuibadilisha asiwe nao mtunza bohari wala fundi mkuu.

Hali kadhalika bei ya kipuri si ile tu iliyoandikwa na muuzaji. Kipuri kilichonunuliwa Dar es Salaam kimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi kufika Musoma, na nauli hiyo ni sehemu ya gharama yake. Kodi ya ongezeko la thamani nayo huingizwa pale ambapo karakana haina haki ya kurejeshewa. Karani anayeandika bei ya dukani peke yake hupunguza thamani ya bohari bila ya kujua, kisha karakana hushangaa kwa nini kila mwaka inatoza kazi na bado haina fedha za kununulia mzigo mwengine.

Kosa jengine, nalo ni la kuchekesha mpaka litokee kwako, ni la vipimo. Mafuta ya injini hununuliwa kwa pipa na kutolewa kwa lita. Pipa la lita 200 lililonunuliwa kwa shilingi 1,600,000 linatoa bei ya shilingi 8,000 kwa lita. Karani akiandika kwamba zimeingia lita 200, kisha mahali pa bei ya lita akaweka bei ya pipa zima, kompyuta itazidisha kwa utiifu kabisa na kutangaza kuwa pipa hilo moja lina thamani ya shilingi milioni 320. Kompyuta haitikisi kichwa. Kwa hivyo inashauriwa taarifa ipangwe kwa thamani, kubwa ikaanza juu, na mkuu wa karakana asome mistari ishirini ya mwanzo huku akijiuliza kama kila mstari unaingia akilini. Kisha atazame mistari yenye idadi iliyo chini ya sifuri. Hakuna rafu duniani yenye vichujio vitatu pungufu ya hakuna. Mara nyingi mstari wa namna hiyo una maana hii: kipuri kimeandikwa kutoka kabla ya kuandikwa kuingia, na jumla kuu imepunguzwa kwa uongo.

Sasa yafikiriwe yale yanayotokea usiku. Gari la wagonjwa linafika Bunda saa nne za usiku, breki zimekwisha, na ndani yake yuko mama mjamzito anayetakiwa kupelekwa hospitali ya mkoa. Umeme umekatika. Fundi wa zamu anafungua chumba cha vipuri, anachukua seti mbili, anazifunga, gari linaondoka. Amefanya lililo sawa, na hakuna kanuni ya bohari inayostahili kumzuia. Lakini asubuhi hakuna aliyeandika. Mwisho wa mwezi taarifa inasema ziko seti 8 zenye thamani ya shilingi 540,000, hali rafuni ziko 6 zenye thamani ya 405,000. Anayeulizwa zilikokwenda shilingi 135,000 ni mtunza bohari, ambaye usiku ule alikuwa amelala kwake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa habari ilikuwapo, na ilikuwa njema, ila haikuandikwa.

Dawa yake ni nyepesi. Katika mlango wa kila chumba cha vipuri liwekwe daftari la dharura lililofungwa kwa kamba pamoja na kalamu yake, lenye namba za kurasa zilizochapwa. Fundi aandike tarehe, saa, namba ya gari, kipuri na idadi, kisha atie saini. Kabla ya saa nne asubuhi inayofuata, mtunza bohari ayahamishe yaliyoandikwa katika kompyuta, chini ya kadi ya kazi ya gari lile lile. Ofisi nyengine zimedhani kwamba kuja kwa kompyuta kumeondoa haja ya daftari. Katika sehemu ambazo umeme na mtandao hukatika, daftari ndilo linaloiwezesha kompyuta kusema kweli.

Yapo pia yanayotokea njiani. Bohari ya Musoma inatuma betri sita Butiama siku ya tarehe 29 Juni. Musoma wameshaziandika kuwa zimetoka. Butiama hawajaziandika kuwa zimeingia kwa sababu gari limepitia kwanza Bunda. Taarifa ya tarehe 30 Juni itazikosa kote kuwili. Au kinyume chake, Butiama wamezipokea na kuziandika kwa mkono wao kama mzigo mpya, na Musoma hawajazitoa, zikahesabiwa mara mbili. Programu nzuri ina mahali pa tatu panapoitwa mali iliyo safarini, na karakana yenye bohari zaidi ya moja haina udhuru wa kutopatumia. Taarifa nayo isomwe kwa kila bohari peke yake kabla ya kusomwa kwa jumla, kwa kuwa upungufu wa Bunda na ziada ya Butiama vikijumlishwa huonekana kama usalama.

Vipuri vilivyokwisha kufungwa katika gari ambalo bado liko juu ya vigingi havimo rafuni, na ankara yake haijatoka; vioneshwe peke yake kama kazi isiyokamilika. Tairi zilizonunuliwa na halmashauri na kuletwa karakanani kwa ajili ya kufungwa tu ni mali ya halmashauri. Zisiingizwe katika thamani ya karakana hata siku moja, ijapokuwa zinalala katika bohari yake.

Linalofuata ndilo lililosababisha mazungumzo haya, na wakuu wa karakana wanaombwa walizingatie khasa.

Taarifa ya thamani huweza kupangwa kwa tarehe ambayo kila kipuri kilitolewa mara ya mwisho. Mpango huo ni wa manufaa makubwa, kwani hufichua fedha za wananchi zilizolala. Katika karakana ya mfano, orodha ya vipuri ambavyo havikutolewa kwa zaidi ya miaka miwili ina mistari miwili iliyofuatana. Wa kwanza ni sahani za klachi 40 za aina ya gari ambayo Serikali ilikwisha kuipiga mnada yote mkoani. Vitabuni zina thamani ya shilingi 90,000 kila moja, jumla shilingi 3,600,000. Wa pili ni pampu moja ya maji ya kupozea injini ya kivuko, yenye thamani ya shilingi 4,800,000, ambayo imekaa katika sanduku lake miezi 26.

Katika macho ya kompyuta mistari hiyo miwili ni ndugu. Vyote havitembei, vyote vinakula nafasi, vyote vinakuza jumla kuu. Ikija amri kutoka juu kwamba thamani ya bohari ipunguzwe, na amri za namna hiyo huja, njia nyepesi ni kuiuza au kuihamisha ile pampu. Mstari mmoja unafutwa na karibu milioni tano zinaondoka kwa siku moja. Taarifa ya mwezi unaofuata itapendeza, na huenda mkuu wa karakana akapongezwa.

Ukweli wake ni tofauti kabisa. Sahani za klachi zimekufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu akitoa shilingi 10,000 kwa kila moja, thamani yake ya kweli ni shilingi 400,000, na hasara ya shilingi 3,200,000 inatakiwa ioneshwe katika mwaka ule ule ilipofahamika, badala ya kusukumwa mbele kila mwaka kwa ajili ya kulinda sura ya hesabu. Kuzifuta vitabuni si kazi ya mtunza bohari wala ya mkuu wa karakana. Hupendekezwa kwa maandishi, hukaguliwa, na kuidhinishwa na mamlaka yenye uwezo huo kisheria. Lakini zipendekezwe. Bohari nyingi zina vipuri vya gari ambazo hata madereva waliozieendesha wamekwisha kustaafu.

Ile pampu haikufa. Imekaa kimya kwa sababu pampu iliyomo katika injini ni nzima, na siku itakapoharibika hakutakuwa na duka Musoma wala Bunda la kuinunua. Itabidi iagizwe, ipite bandarini, isafiri hadi ziwani; na katika muda wote huo wakaazi wa Kinesi watakuwa wakizunguka Kirumi, au, jambo baya zaidi, wakijipakia katika mitumbwi midogo yenye mizigo mizito wakati ziwa linachafuka. Shilingi 4,800,000 zilizolala katika sanduku lile ndiyo bei ya kivuko kusimama siku moja badala ya miezi. Taarifa ya thamani haina safu ya kuandika jambo hilo.

Kwa hivyo inaagizwa katika mfano huu, na inafaa kwa karakana yoyote yenye vivuko, boti, majenereta ya hospitali au mitambo ya barabara, kwamba vipuri viwekewe alama maalumu katika programu: vya kawaida, vya lazima, na vilivyopitwa na wakati. Alama ya vya lazima iwekwe na fundi mkuu pamoja na nahodha au msimamizi wa mtambo unaohusika, kwa maandishi, wala isiwekwe na mhasibu peke yake. Alama hizo zipitiwe kila mwaka, maana chombo nacho huondolewa au hubadilishiwa injini, na kipuri kilichokuwa cha lazima jana kikawa chuma leo. Orodha ya visivyotembea ikishachapwa, vya lazima vitengwe kwanza; kinachobaki ndicho kijadiliwe.

Ikumbukwe vilevile kwamba kipuri cha lazima chapaswa kuwa kizima. Mpira wa kuzuia maji hukauka ndani ya sanduku, betri hufa rafuni, na mafuta ya breki huvuta unyevu. Thamani vitabuni hubaki vile vile. Anayehesabu afungue sanduku.

Huenda mwananchi asiye mtumishi akauliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu gharama ya kipuri huishia katika ankara, na ankara ya gari la hospitali ya wilaya hulipwa kwa fedha za hospitali hiyo. Karakana isiyojua bei halisi ya kipuri chake hutoza kwa kukisia. Ikikisia chini inafilisika, ikikisia juu inamnyang'anya mgonjwa dawa. Diwani au mjumbe wa kamati ya afya anayo haki ya kuona kwamba ankara imetaja kipuri kwa namba, idadi na bei yake, na kwamba kipuri kikuukuu kilichotolewa kimerejeshwa au kimeandikwa kilikokwenda. Aidha, halmashauri na ofisi zinazotengenezewa gari zao nazo zina wajibu wa kulipa kwa wakati. Karakana inayodai ina fedha katika karatasi na rafu tupu, na hapo hata taarifa iliyo sahihi kabisa haimfungi mtu pedi ya breki.

Kuhusu kufunga mwaka, mpango unaopendekezwa ni huu. Siku tatu kabla ya tarehe 30 Juni, gari zisizo za dharura zisipokelewe kwa kazi mpya. Kadi zote za kazi zilizokamilika zitolewe ankara. Daftari za dharura za Musoma, Bunda na Butiama ziingizwe katika kompyuta, na mali iliyo safarini ithibitishwe kwa simu baina ya mtumaji na mpokeaji. Kisha bohari ifungwe, na hesabu ya mkono ifanywe na watu wawili ambao mmoja wao hafanyi kazi boharini. Wapewe orodha yenye majina na namba za vipuri bila ya idadi, ili wahesabu walichokiona badala ya kutafuta kile ambacho kompyuta imewaambia wakione. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno, na ndilo lenye faida kuliko yote.

Taarifa ya thamani itolewe baada ya tofauti zote kuandikwa na kuelezwa, ikiwa na tarehe ya 30 Juni juu yake. Ichapwe siku hiyo hiyo na itiwe saini za mtunza bohari, wahesabuji wawili na mkuu wa karakana, kwani mtu akiandika baadaye muamala wenye tarehe ya nyuma, programu itatoa jumla nyengine kwa tarehe ile ile, na mkaguzi atakapokuja atakuta karatasi mbili zisizofanana. Baada ya kuchapwa, mwezi wa Juni ufungwe katika programu na ufunguo wake akabidhiwe mhasibu. Chumba cha vipuri cha Bunda kibaki na fundi wa zamu muda wote wa kuhesabu, pamoja na daftari la dharura mlangoni, kwa ajili ya gari la wagonjwa.